Ndiyo ya Shingo Upande

Ukitaka kujua hali ya nyumba, usihesabu mama wa nyumba hiyo anasema "ndiyo" mara ngapi kwa siku. Tazama shingo yake anapoisema. Wazee wetu waliliona jambo hilo zamani, wakatuachia usemi ambao hata mtoto anauelewa: kukubali kwa shingo upande. Mikono inafanya kazi, miguu imefika mahali ilipoitwa, lakini uso umegeukia kwingine.

Jumamosi alasiri huwa ninajitolea kuwasaidia wasichana wa usharika wetu katika masomo yao, hasa Kiingereza. Mimi si mwalimu. Ni muuguzi, na Kiingereza nilicho nacho nilikipata chuoni na wodini, ambako mafaili ya wagonjwa bado tunayaandika kwa lugha hiyo. Siku moja binti mmoja aliuliza, "Mama, shingo upande wanasemaje kwa Kiingereza?" Nikampa neno "reluctantly". Mwenzake akasema mwalimu wao aliwafundisha "grudgingly". Wa tatu akaleta "against my will". Basi wakaanza kubishana lipi ndilo sahihi.

Yote matatu ni sahihi, lakini hayalingani hata kidogo. Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima moja moja, na nimeona kwamba kila neno linaeleza aina tofauti ya "ndiyo". Nimeona vema tuyatazame pamoja, kwa maana katika nyumba zetu, makanisani na katika ukoo, wanaosema "ndiyo" nyingi kuliko watu wote ni sisi akina mama.

Kushindana na nafsi

Neno "reluctant" Waingereza walilitoa katika Kilatini, na asili yake ni kupigana mweleka, kushindana na kitu kinachokusukuma. Maana yake ni kwamba mtu anayefanya jambo namna hiyo si mvivu wala si mnafiki. Ndani yake kuna watu wawili wanaokamatana, mmoja anataka kwenda na mwingine hataki, na mwisho yule anayetaka kwenda ameshinda. Ameshinda, lakini amechoka.

Nilimwona mtu wa namna hiyo wodini. Alikuwa mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mama mkwe wake aliyepatwa na kiharusi. Mgonjwa hakuweza kusema wala kujigeuza. Mgonjwa wa aina hiyo inapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia, na wodi yetu usiku huwa na wauguzi wachache. Mkamwana yule alijifunza haraka. Alikuwa akiamka mwenyewe kabla hatujamwita.

Usiku mmoja nilimsifu. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Sista, usinione mwema. Sitaki kuwa hapa. Mama huyu hakunipenda hata siku moja, na biashara yangu ya maandazi inakufa huko nyumbani. Lakini siwezi kumwacha alale kwenye mkojo."

Nimeyakumbuka sana maneno hayo. Wapo watakaosema mama yule alikuwa na moyo mgumu. Mimi naona alikuwa na moyo uliopigana mweleka na kushinda kila baada ya saa mbili. Mgonjwa aliporuhusiwa hakuwa na kidonda hata kimoja. Hawakupatana kwa machozi kama tunavyosimuliwa katika shuhuda, kwa kuwa mzee hakuweza kusema. Siku ya kuondoka nilimwita mume wake na shemeji zake wawili, nikawaonyesha na wao jinsi ya kumgeuza mama yao mzazi. Mmoja alitaka kucheka, akidhani hiyo ni kazi ya wanawake. Nikamwambia, "Baba, mgongo huu ndio uliokubeba." Akashika shuka.

Hivyo basi, mwenzangu, ukijikuta unafanya jambo jema na moyo wako unavuta nyuma, usikimbilie kujihukumu. Katika bustani ya Gethsemane Bwana wetu mwenyewe hakumficha Baba yake kwamba angependa kikombe kile kimwepuke. Alisema, kisha akaenda. Kusitasita si dhambi, na kuyasema yaliyo moyoni mbele za Mungu ni sala.

Kunung'unika

Neno la pili, "grudgingly", ni la namna nyingine. Limetokana na neno la Kifaransa cha zamani lililokuwa na maana ya kunung'unika. Katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 wakati wa Mfalme James, neno hili linatokea pale Mtume Petro anapowaagiza waumini wakaribishane (1 Petro 4:9). Hapo Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inataja kunung'unika waziwazi, na ndivyo Waingereza wa wakati ule walivyolielewa neno lao. Linatokea tena pale Paulo anapowafundisha Wakorintho jinsi ya kutoa (2 Wakorintho 9:7), na hapo watafsiri wetu waliandika "huzuni", wakilifuata neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo. Nimeipenda tofauti hiyo. Kiingereza kinasikiliza mdomo wa mtoaji unavyonung'unika. Kiswahili kinaingia ndani zaidi na kumkuta mtoaji ana huzuni.

Sisi tuna neno jingine linalofanana na hilo la Kiingereza, nalo ni kinyongo. Kama muuguzi siwezi kulitamka bila kusikia "nyongo" ndani yake. Nyongo hutengenezwa na ini, ikahifadhiwa katika kifuko kidogo, na kazi yake ni kusaidia kusaga mafuta tunayokula. Haina ubaya ikiwa inatoka kwa njia yake. Lakini njia ikizibwa, kwa jiwe au kwa uvimbe, nyongo hurudi katika damu. Macho huwa ya manjano, ngozi huwasha mwili mzima, na mkojo huwa kama chai ya rangi. Ndivyo kinachokuwa kinyongo kilichokosa njia. Mama amekaribisha wageni wa mumewe wiki ya tatu sasa. Hakuulizwa. Mbele yao anatabasamu, "Karibuni, jisikieni nyumbani." Jikoni sufuria zinagongana. Mtoto akimwaga maji anapigwa kibao ambacho si chake, ni cha wageni.

Petro hakusema tusikaribishe wageni. Alisema tukaribishe pasipo manung'uniko. Hilo haliwezekani kwa kubana midomo tu, kwa maana kuzuia manung'uniko yasitoke si sawa na kutokuwa nayo. Linawezekana pale mama anapokaa na mumewe faraghani, kwa heshima, akamwambia, "Baba Fulani, wageni ni baraka, lakini unga uliobaki ni wa siku nne na mimi nimeelemewa. Tupange." Hapo nyongo imepita katika njia yake.

Paulo kwa upande wake anasema Mungu humpenda mtoaji wa aina nyingine, na hapa lugha zetu mbili zinapendeza sana. Waingereza walitumia "cheerful", na "cheer" hapo zamani ilikuwa na maana ya uso. Kiswahili kikatumia "ukunjufu", neno linalotokana na kukunjua, kinyume cha kukunja. Anayetoa kwa shingo upande amekunja uso, amekunja mkono, amekunja na noti yenyewe mpaka mweka hazina anapata kazi ya kuinyoosha. Mkunjufu amekunjuka. Wahenga nao walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Miguu, meno na mkono

Kiingereza, kama Kiswahili, hupenda kueleza kutotaka kwa viungo vya mwili. Anayechelewesha jambo asilolipenda husemwa kwamba anaburuta miguu. Sisi tungesema anasuasua. Anayekubali huku anaumia husemwa kwamba amekubali kwa meno yaliyobanwa. Anayefanya bila bidii amefanya kwa nusu ya moyo. Wanasema pia kumburuta mtu akipiga mateke na mayowe, na kumpinda mtu mkono mpaka akubali.

Angalia vizuri, msomaji wangu. Katika semi za kwanza mtu yuko peke yake na miguu yake, meno yake, moyo wake. Katika hizi mbili za mwisho ameingia mtu wa pili. Mkono haujipindi wenyewe. Hapo ndipo tunapoifikia aina ya tatu ya "ndiyo", ambayo kwa kweli si "ndiyo".

Farasi wa karibu na mlango

Waingereza wana usemi "Hobson's choice", yaani uchaguzi wa Hobson. Thomas Hobson alikuwa mchukuzi wa mizigo katika mji wa Cambridge, akafariki mwaka 1631. Alikuwa pia akikodisha farasi. Zizi lake lilijaa farasi wengi, lakini mteja hakuruhusiwa kuchagua ampendaye. Ilimbidi amchukue yule aliyesimama karibu zaidi na mlango, au aende zake kwa miguu. Hobson alikuwa na sababu yake: hakutaka farasi wazuri wachoshwe na kila mtu. Lakini usemi umebaki kwa ajili ya kila mahali ambapo mtu anaambiwa "chagua" wakati kitu cha kuchagua ni kimoja.

Je, si mara nyingi tumewapa mabinti zetu uchaguzi wa Hobson? "Kubali mchumba huyu, au utafute pa kukaa." Kisha tunasema binti amekubali.

Katika kamati yetu ya akina mama huwa tunasaidia kutoa mafundisho ya ndoa kwa wachumba kabla matangazo hayajasomwa. Mimi hupewa sehemu ya afya, na ni desturi yangu kuzungumza na kila binti peke yake. Niliwahi kukaa na binti wa miaka 19, mpole, amevaa vizuri. Shangazi yake aliyemleta alikuwa rafiki yangu, tukiimba naye kwaya moja. Nilimuuliza binti kama ninavyowauliza wote, "Mwanangu, umekubali?"

Akajibu, "Wamekubali, mama."

Nikadhani ulimi umeteleza. Nikamwambia, "Nakuuliza wewe." Akainamisha kichwa. "Wamekubali, mama. Mahari imeshapokelewa."

Ni silabi moja tu, akina mama wenzangu. Kati ya "nimekubali" na "wamekubali" kuna silabi moja, na ndani yake kuna maisha mazima ya mtu. Kiingereza kingehitaji maneno matatu, "against my will". Binti yule aliyaweka yote katika "wa" moja.

Nilimweleza mchungaji siku ileile. Mchungaji aliwaita wazazi, akazungumza na binti mbele yao na tena pasipo wao, kisha akasimamisha matangazo. Kelele zilikuwa kubwa. Niliitwa mvunja nyumba, na shangazi yule akaacha kunisalimia. Lakini kanisa halikuzua jambo geni. Katika ibada ya ndoa huulizwa mbele ya watu wote kama hao wawili wamekuja kwa hiari yao, na swali hilo halikuwekwa pale kama pambo. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 nayo inasema, katika kifungu cha 16, kwamba ndoa haifungwi bila ridhaa iliyotolewa kwa hiari na kila mmoja wa wanaofunga ndoa. Binti yule sasa ni fundi cherehani na ana vyerehani viwili. Hajaolewa bado. Shangazi yake siku hizi ananisalimia, ingawa si kama zamani, na bei hiyo naiona ndogo.

Dawa haimezwi kwa niaba ya mtu

Nisije nikaonekana ninazungumzia ndoa peke yake, hata katika kazi yetu ya uuguzi jambo hili ni la uzima na mauti. Zamani vitabu vyetu vya Kiingereza vilitumia neno "compliance" kwa mgonjwa anayetumia dawa kama alivyoagizwa. Maana yake ni kutii. Baadaye neno lililotumika zaidi likawa "adherence", ambalo sisi katika kliniki tunaliita ufuasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya jambo hilo mwaka 2003, likaeleza kwamba tofauti yake na lile la kwanza ni kwamba mgonjwa mwenyewe awe amekubaliana na ushauri.

Kwa nini tujali neno? Kwa sababu dawa za kifua kikuu hutumika miezi kadhaa, za shinikizo la damu na za virusi vya UKIMWI hutumika maisha yote. Mgonjwa aliyeitikia "ndiyo daktari" kwa hofu atameza mbele yetu na kuacha akifika nyumbani. Waingereza wanasema unaweza kumpeleka farasi kwenye maji, lakini huwezi kumlazimisha anywe. Ndiyo maana muuguzi mzuri hafurahii "ndiyo" ya haraka. Huuliza, "Unaogopa nini? Nani nyumbani hajui kwamba unatumia dawa hizi?" Anayeruhusiwa kusema "sitaki" na kueleza sababu zake, mara nyingi ndiye anayerudi tarehe ikifika.

Nitajitahidi

Tatizo letu jingine ni kwamba hatuna mazoea ya kusema "hapana". Waingereza nao hawaisemi wazi. Husema wangependa sana kuja, "lakini". Sisi tunasema "nitajitahidi". Mwenyekiti wa akina mama akikuomba upike chai ya mkutano wa Jumapili, ukijibu "nitajitahidi", wote wawili mnajua kwamba huji. "Tutaona" ni hivyohivyo. Hata "Mungu akipenda", maneno matakatifu kabisa, tumeyageuza kuwa mlango wa nyuma wa kutokea.

Bwana Yesu alisimulia habari za mtu mwenye wana wawili aliowatuma shambani (Mathayo 21:28-31). Mmoja alikataa, kisha akabadili moyo akaenda. Wa pili aliitikia kwa heshima zote, asiende. Tunajua ni yupi aliyeyafanya mapenzi ya baba yake. Kwa hiyo "hapana" ya kweli inaweza kuishia shambani, na "ndiyo" ya adabu ikaishia kitandani.

Kwa upande wangu, nikiombwa jambo siku hizi najipa muda wa kupimana na maneno yale matatu. Kama ninashindana na nafsi tu, kwa uchovu au uvivu, lakini jambo ni jema na ni langu, nakwenda. Wahenga walisema lisilo budi hutendwa. Kama nasikia kinyongo kinapanda, nasema kwanza kinachonikwaza, au nakubali kwa mpaka: "Nitakuja kupika, lakini saa kumi nitaondoka, nina zamu ya usiku." Mpaka uliotajwa mapema hauudhi watu kama uso uliokunjwa. Na kama kuna mkono unaopindwa, wangu au wa mwingine, hapo siangalii tena kama mtu amesema "ndiyo". Natafuta nani anaupinda.

Wapo kati yetu ambao mikono yao inapindwa leo, na hawawezi kukataa bila kuumizwa. Kwao si haki kuhubiri habari za moyo mkunjufu. Dada uliye katika hali hiyo, mwendee mtu unayemwamini, awe mchungaji, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia katika kituo cha polisi, useme. Hiari yashinda utumwa.

Simoni wa Kirene alishurutishwa na askari kuubeba msalaba. Neno la Kigiriki linalotumika kwake ndilo lile ambalo Yesu alilitumia aliposema juu ya mtu anayekulazimisha kwenda maili moja. Maili ya kwanza ilikuwa ya askari wa Kirumi. Ya pili ndiyo ambayo Bwana alituachia tuitoe wenyewe, kwa hiari, huku tukitazama mbele. Wiki hii jaribu kuhesabu "ndiyo" zako, halafu umuulize Mungu kwa utulivu ni zipi zilikuwa za askari na ni zipi zilikuwa zako. Kisha waulize na binti zako, mmoja mmoja, mkiwa wawili tu jikoni, nawe usikilize kwa makini ile silabi ya kwanza.